Alliance pale Kikuyu: imetoa kila mtu isipokuwa rais, kwa nini?

Ondiri_Boy aliandika:

Wasee na wakuu wote, salamu. Huu uzi nimekaa nao kichwani miezi kadhaa, leo kunanyesha huku kwetu, stima zimepotea, nimebaki na simu ina chaji ya 40, wacha niandike ikizima tutamalizia kesho.

Mimi ni mtoto wa Kikuyu, ile Kikuyu ya karibu na kinamasi cha Ondiri. Kwa wale hawajui, ni kamji kako kama kilomita 20 hivi kutoka Nairobi tao, unapanda matatu ya 105 inashika Waiyaki Way, Kangemi, Uthiru, Kinoo, hadi unafika. Zamani kulikuwa mashamba na miti, saa hii ni fleti juu ya fleti, watu wanalala huku wanafanya kazi mjini. Katikati ya hayo mafleti kuna shule imejikalia na miti yake kama mzee amekataa kuuza shamba. Ndiyo Alliance High School. Waliosoma pale wanaiita Bush na jina linajieleza.

Sasa, shule ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926, na vijana hawakufika hata 30. Angalia nani amepita hapo halafu uniambie kama kuna shule nyingine Kenya ina orodha hivi: Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia LegCo, lile baraza la wakoloni, mwaka wa 1944. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza. James Gichuru, waziri wa fedha wa kwanza baada ya uhuru. Mbiyu Koinange, Ronald Ngala, Jeremiah Nyagah, Charles Njonjo mwanasheria mkuu wa 1963 hadi 1980. Duncan Ndegwa, Mwafrika wa kwanza kuwa gavana wa Benki Kuu. Kenneth Matiba. Ngũgĩ wa Thiong'o. Anyang' Nyong'o na James Orengo, hawa bado mnawaona kwa runinga kila wiki. Na hapo sijagusa majaji, madaktari na makatibu wakuu, tukianza hao hatulali.

Lakini ukiniuliza rais ni nani ametoka Bush? Hakuna. Miaka 100 sufuri. Jomo Kenyatta alisomea misheni ya Thogoto, na Thogoto ni hapo tu unatembea kwa miguu kutoka Alliance, lakini wakati yeye anaingia misheni 1909 Alliance ilikuwa haijafikiriwa, na sekondari hakuwahi kukalia dawati. Moi hapana. Kibaki ni wa Mang'u. Uhuru St. Mary's, Ruto Kapsabet. Yaani watu wanapita juu ya hii shule kama ndege.

Chukua noti ya zamani, zile za miaka ya 70 kama babu yako bado ameficha moja kwa Biblia. Picha ni ya Mzee Kenyatta. Saini ni ya Ndegwa. Mimi naona hiyo noti ndiyo historia yote ya Alliance imekunjwa ikaingia mfukoni, mwenye picha alitoka Thogoto bila sekondari, mwenye kutia saini alitoka Bush.

Swali langu: ni bahati mbaya ama shule ilijengwa itoe namba mbili? Maanake hata kauli mbiu yao ni Strong to Serve, uwe na nguvu ili utumike. Hawakusema uwe na nguvu ili utawale. Karibuni.


mti_mkavu_tz aliandika:

Nimewahi siti ya mbele kabisa, maji ya kunywa ninayo. Mkuu tiririka, hapo kwenye noti umetisha.


Kabaa_1925 aliandika:

Hahaha Ondiri_Boy umeandika aya sita kusema kwa adabu kwamba Mang'u ni baba yenu. Wacha niseme bila adabu.

Sisi tulianzia Kabaa 1925, Padri Michael Witte akifundisha, nyinyi mnafungua geti 1926 sisi tuko darasani. Kibaki ni wetu, rais kuanzia 2002 hadi 2013. Makamu wa rais ni wetu watatu, Kibaki mwenyewe, Saitoti, Moody Awori. Kardinali Otunga wetu. Tom Mboya ni wetu, na huyo hata hakumaliza sababu ya karo, akaenda kusomea usafi wa mji pale Jeanes School Kabete, na bado akawatoa jasho vijana wenu wote wa Makerere. Kauli mbiu yetu iko kwa Kiswahili, Jishinde Ushinde. Yenu mnaomba ruhusa ya kutumika. Nimemaliza sina maswali.


Ondiri_Boy aliandika:

@Kabaa_1925 nilijua utakuja na nilijua utaanza na 1925 hahaha. Sawa Kibaki mchukue, hata sisi tunampenda. Lakini umenisaidia hoja.

Wacha niwaambie ya Gichuru kwa sababu watu wengi hawaijui yote. Huyu alisoma Alliance, akaenda Makerere, akarudi Alliance akiwa mwalimu. Miaka ya 40 akawa rais wa KAU, hicho ndicho chama kikubwa cha Waafrika wakati ule. Mwaka 1946 Kenyatta akarudi kutoka Uingereza. Juni 1947 Gichuru anaachia kiti, Kenyatta anakaa. Haya, songa mbele. Mwaka 1960 KANU inaundwa Kiambu, wanamtaka Kenyatta awe rais wa chama lakini yuko kizuizini na serikali ya mkoloni inakataa kuandikisha chama na jina lake. Nani anaitwa ashike kiti? Gichuru tena. Kenyatta anaachiliwa Agosti 1961, kabla mwaka kuisha Gichuru ameinuka, mzee amekaa.

Mtu mmoja, viti viwili, mara mbili anainukia mtu yule yule. Na hakuna mahali utasikia alinuna. Akapewa wizara ya fedha akafanya kazi yake. Sasa kwa lugha ya mtaani hapa kwetu tungemwita mtu wa kushikia watu nafasi kwa foleni ya benki, lakini mimi nikikaa nikifikiria naona ule ulikuwa ungwana wa ajabu, tena wakati huo kiti cha chama ndicho kingekuwa kiti cha nchi. Siku hizi mwambie mtu akushikie kiti cha MCA tu uende msalani uone.

Na Mathu je? Miaka 13 anabishana na masetla peke yake ndani ya LegCo, mwanzoni akiwa Mwafrika mmoja tu, uchaguzi wa 1957 unakuja anaangushwa, na uhuru ukifika anaenda kufanya kazi Ikulu kwa Kenyatta, msimamizi wa nyumba kuu. Tena kutumika.


Kaskazi_Kilifi aliandika:

Assalaam aleikum jamaa. Mimi nashukuru ndugu yetu wa bara kwamba kamtaja Ngala, maana mara nyingi hizi nyuzi zikianza utadhani Kenya inaishia Mtito Andei.

Ronald Gideon Ngala ni mtoto wa Kigiriama, katoka huku Kilifi, kasoma Kaloleni, kenda Alliance, kisha Makerere, karudi kawa mwalimu, kashika ukuu wa shule ya Buxton pale Mombasa. Huyo ndiye alosimama 1960 akawa kiongozi wa KADU, chama cha makabila madogo na sie wapwani, wakitaka majimbo. Sasa nitazameni vizuri: mwaka huo mmoja rais wa KANU ni Gichuru na rais wa KADU ni Ngala. Wote wawili Alliance. Wote wawili Makerere. Wote wawili walimu! Yaani serikali na upinzani wa nchi nzima ulitoka kwenye bwalo moja la chakula, wamekula maharage ya sufuria moja kwa miaka tofauti.

Na hoja yao ile ya majimbo, ilokufa KADU ilipojivunja Novemba 1964, si ndiyo hii leo mwaiita ugatuzi? Magavana 47 mnao, kaunti mnazo, mwenyewe alosema hakumbukwi ila kwa jina la barabara.

Ngala alifariki Disemba 1972 baada ya ajali ya gari njia ya Nairobi Mombasa. Ikasemwa ni nyuki waliingia garini. Wazee wetu mpaka leo ukiwatajia hao nyuki wanakutazama tu, hawakujibu.


mti_mkavu_tz aliandika:

Mkuu Kaskazi hapo kwenye nyuki nimesisimka.

Nije na mchango mdogo wa upande wetu maana wengi hawajui kwamba hii Alliance ya Kenya ina mkono wa Zanzibar ndani yake, mkono wa kupinga lakini ni mkono. Jina Alliance maana yake muungano, ni muungano wa misheni za Kiprotestanti, Waskoti, Waanglikana wa CMS, AIM na Wamethodisti. Walikutana hapo hapo Kikuyu Juni 1913 kujadili namna ya kushirikiana, na mwisho wa mkutano wakashiriki meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, askofu wa Mombasa ndiye aliyeongoza. Kumbe kuna mtu Zanzibar kasikia! Askofu Frank Weston wa UMCA, misheni nyingine ya Waanglikana, mtu wa msimamo mkali kwelikweli, akaandika barua mpaka Canterbury akitaka askofu wa Mombasa na yule wa Uganda washtakiwe kwa uzushi. Kelele ikawa kubwa Uingereza nzima, magazeti yakajaa habari za Kikuyu, kamji ambako wasomaji wenyewe hawakijui kwenye ramani.

Vita ikaja 1914 ikazima moto. Na hapa pana kitu kinanifurahisha, Weston akaenda kuongoza wapagazi wa Kizanzibari vitani, na Dk John Arthur wa misheni ya Thogoto, ambaye alikuwa kambi ya pili kwenye ugomvi, naye akaongoza wapagazi wa Kikikuyu. Mahasimu wawili wa meza ya Bwana wote wamebebeana mizigo pori moja la Tanganyika. Mwaka 1918 wakakutana tena Kikuyu, muungano ukaundwa rasmi, na miaka minane baadaye shule ikafunguliwa.

Halafu kuhusu marais, sisemi sana ila Pugu yetu nayo iko pembezoni mwa Dar, juu ya vilima, na ina rais mwalimu na rais mwanafunzi. Nyerere alifundisha pale akaacha kazi 1955 kwa ajili ya TANU, na Mkapa alisoma pale. Nawasilisha kwa unyenyekevu.


Kabaa_1925 aliandika:

Unyenyekevu gani huo hahaha. Ila Pugu nawapa heshima, ni Wakatoliki wenzetu. Unaona sasa? Wakatoliki marais, Waprotestanti makarani. Uzi ufungwe.


Mama_Thogoto aliandika:

Watoto wangu hamjambo. Mimi huwa nasoma tu siandiki lakini leo mmenichokoza. Machapisho saba, majina zaidi ya ishirini, na mwanamke hakuna hata mmoja! Mnadhani nyuma ya ua wa Bush kulikuwa na nini, ng'ombe?

Alliance Girls ilianza 1948. Lakini hata kabla ya hapo wasichana wachache sana waliingizwa kwa shule ya wavulana, na mmoja wao alikuwa Margaret Wambui Kenyatta, binti ya Mzee huyo huyo mnayesema alipita juu kama ndege. Mzee hakusoma Alliance, binti yake alisoma. Margaret akawa meya wa Nairobi kutoka 1970 hadi 1976, mwanamke wa kwanza Mwafrika kukalia kile kiti.

Mĩcere Mũgo alisoma Alliance Girls. Profesa, mshairi, aliandika tamthilia pamoja na Ngũgĩ, akaishia uhamishoni kwa sababu hakunyamaza, akafia Marekani mwaka 2023. Charity Ngilu pia Alliance Girls. Na huyo mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya, yeye na Wangari Maathai, mara ya kwanza wanawake kufanya hivyo, na Wangari naye alisoma Loreto hapo juu Limuru, si mbali. Kwa hivyo wewe Ondiri ukisema watu wa Alliance hawautaki urais, sema wavulana. Wasichana walijaribu.


Ondiri_Boy aliandika:

Mama shikamoo, na pole sana, hapo nimepigwa na nimekubali. Nitarekebisha chapisho la kwanza simu ikipata chaji. Hilo la Margaret nilikuwa nalijua na bado nikasahau kuliunganisha, aibu yangu.


Njoro_Ngano aliandika:

Mimi nitakuwa mtu mbaya hapa. Kwani shule ndiyo ilitengeneza hao watu? Fikirieni. Mwaka wa 1930 ama 1940 koloni zima lina shule za sekondari za Mwafrika za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wanachukua kila wilaya wale vijana wawili watatu wakali kabisa, wanawaweka Kikuyu, halafu baada ya miaka 20 tunashangaa mbona mawaziri wote walijuana. Ungewaweka hao vijana kwa banda la kuku bado wangetoka mawaziri. Nchi ilihitaji watu wanajua kusoma faili na hao ndio walikuwa wanajua kusoma faili, basi.

Na si mimi nasema pekee yangu. Benjamin Kipkorir, huyo aliyekuwa balozi wetu Marekani baadaye, naye alikuwa mwanafunzi wa Alliance, alienda Cambridge akaandika tasnifu nzima ya udaktari 1969 kuhusu Alliance na jinsi tabaka la juu la Kenya lilianzia hapo. Yaani kijana ametoka kwa kiwanda akaenda kuandika kitabu cha jinsi kiwanda kinafanya kazi.


Ondiri_Boy aliandika:

@Njoro_Ngano wewe si mtu mbaya, uko sawa nusu. Walichaguliwa, ndiyo. Lakini ukichagua vijana wakali ukawaweka kwa banda la kuku hawatoki wakifanana, na hawa kuna kitu walitoka nacho. Hapo ndio lazima tuongee kuhusu Carey Francis.

Edward Carey Francis alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, mhadhiri kabisa, akaacha yote akaja Maseno 1928, halafu 1940 akapewa Alliance akakaa hadi 1962. Mwalimu mkuu wa kaptura ya kaki. Hakuoa. Alikuwa mkali vibaya. Kwake kila kitu ni saa, ukweli, kazi, Mungu, na mpira uchezwe kwa haki. Siasa hakupenda, Mau Mau aliwaona ni giza tupu, lakini pia ukatili wa askari wa serikali ulimkera na alisema. Na akistaafu, mtu ambaye wanafunzi wake wamejaa serikalini, angeomba chochote akapewa, alienda kufundisha Pumwani kwa watoto wa Eastlands kama mwalimu wa kawaida. Akafa 1966 bado anafundisha. Huyo mtu, umpende usimpende, alikuwa anaishi ile kauli mbiu yeye mwenyewe.

Sasa ona vile vijana walitoka kwake na kabla yake. Njonjo akatoka Mwingereza kumshinda Mwingereza, suti ya mistari, saa ya mnyororo, ua la waridi kifuani. Odinga naye, huyu alikutana na Francis Maseno hata kabla, alikataa majina ya ubatizo, Obadiah Adonijah, akayavua kama shati, na watoto wake akasisitiza wabatizwe majina ya Kijaluo, vita kubwa na wamisheni. Ngũgĩ aliingia Alliance 1955 akiitwa James, na miaka ya 70 huyo James alikuwa ameshatupwa.

Na Ngũgĩ ndiye ameeleza vizuri kuliko wote vile ilikuwa, kwa kumbukumbu zake za shule alizochapisha 2012. Anaingia Januari 1955, katikati ya hali ya hatari, kaka yake yuko msituni na Mau Mau. Muhula wa kwanza unaisha, anarudi nyumbani Limuru na sanduku lake, yunifomu safi, anafika kijiji hakipo. Kimebomolewa, watu wamehamishwa kwa vijiji vya ulinzi. Sasa fikiria huyo mtoto anarudi shuleni kuimba nyimbo za kanisa na kucheza tamthilia za Kiingereza, na shule yenyewe ndiyo mahali pekee askari hawamfikii. Shukrani na hasira kwa kichwa kimoja. Mimi kila nikipita hapo geti huwa nafikiria hilo sanduku.


Kaskazi_Kilifi aliandika:

Subhanallah. Hiyo ya kijiji nilikuwa siijui.


Njoro_Ngano aliandika:

Sawa hapo nimekusikia. Lakini malizia basi, maana naona unaenda mahali. Njonjo na Ngũgĩ.


Ondiri_Boy aliandika:

Ndiyo. Hapo ndio nilikuwa naenda, mimi naona hili ni kubwa kuliko swali la rais na pengine ningelianzia hapo.

Mwisho wa 1977 Ngũgĩ anakamatwa usiku, kosa lake ni igizo la Kigĩkũyũ lililochezwa na wanakijiji pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kilomita chache kutoka hapa nilipokaa. Anafungwa Kamiti bila kesi mwaka mzima, anatoka Disemba 1978 baada ya Kenyatta kufariki. Mwanasheria mkuu wa serikali wakati huo ni nani? Njonjo. Alliance.

Rudi nyuma. Oginga Odinga anatoka serikalini 1966 anaunda chama cha upinzani, KPU, 1969 baada ya ile vurugu ya Kisumu anawekwa kizuizini, KPU inapigwa marufuku. Mwanasheria mkuu? Njonjo. Alliance kwa Alliance.

Nenda mbele kidogo. Mwanzo wa miaka ya 80 kuna wabunge vijana wa mrengo wa kushoto wanasumbua bungeni, Orengo ndani yao. Nani aliwabandika lile jina la dada saba wenye ndevu? Njonjo tena! Jina la kuwacheka, wao wakalivaa kama cheo. Orengo Alliance. Miaka hiyo hiyo Anyang' Nyong'o anakimbilia Mexico na mke wake, na ndio maana binti yao Lupita, yule mwigizaji, alizaliwa Mexico City, tarehe 1 Machi 1983. Tarehe 1 Machi! Siku ile ile shule ya babake ilifunguliwa. Hii nimeigundua mwenyewe usiku mmoja nikashindwa kulala, hakuna maana yoyote lakini lazima niwaambie.

Ongeza Matiba, tajiri, mtu wa mahoteli, na kampuni yake aliipa jina Alliance Hotels, hapo kazi kwako. Mwaka 1990 anadai vyama vingi, anawekwa kizuizini, huko anapata kiharusi na hakuwahi kuwa mzima tena hadi akafa 2018. Na 1992, kwa hali hiyo, bado alikuwa wa pili nyuma ya Moi.

Kwa hivyo wenye kufunga walitoka Bush na wenye kufungwa walitoka Bush. Waliomba sala moja kila asubuhi. Wote ukiwauliza wangekwambia wanatumikia, Njonjo anatumikia sheria na serikali, Ngũgĩ anatumikia wakulima wa Limuru. Neno ni moja. Shule iliwafundisha kutumika, nani wa kutumikiwa ndio haikuwaambia, ama iliwaambia na nusu yao wakakataa jibu.


Kabaa_1925 aliandika:

Nilikuja kucheka na sasa nimenyamaza. Chapisho zuri msee.

Ila namba mbili tena hapo, Matiba 1992. Sisemi kitu.


Maseno_Siren aliandika:

Nimechelewa. Naomba ijulikane Maseno ni 1906, tumewazidi nyote, na Jaramogi alikuwa wetu kabla hajaja huko kwenu, na Carey Francis pia alikuwa wetu kabla, na babake Obama alisoma Maseno. Kwa hivyo kuna rais kwa hesabu yetu, wa Marekani, kupitia mlango wa nyuma. Asanteni.


mti_mkavu_tz aliandika:

Hahahahaa mlango wa nyuma! Maseno mmetisha.

Ila mkuu Ondiri_Boy, tangu mwanzo nasubiri useme na husemi, wewe mwenyewe ni Busherian? Maana unaandika kwa uchungu wa mtu wa ndani.


Mama_Thogoto aliandika:

Hata mimi nilitaka kuuliza hilo. Sema baba, ulikuwa nyumba gani, Livingstone ama Aggrey?


Ondiri_Boy aliandika:

Mama sikusoma pale. Marks hazikunipeleka. Nilisoma day hapa hapa mtaani, na jumamosi tulikuwa tunaenda kusimama kwa ua kuangalia wakicheza raga, mpira ukiruka tunawarushia. Mmoja wao siku moja aliniambia asante kwa Kiingereza kirefu hivi, nikakaa nacho wiki nzima nikijaribu kukisema mbele ya kioo. Ndio mapenzi yalianzia hapo.

Halafu kuna hii nyingine sikutaka kuisema kwa sababu ya Kabaa. Mtoto wa dada yangu anaingia Gredi 10 mwaka huu, amelelewa hapa, kutoka kwa mlango wao unaona miti ya Bush, alijaza Alliance ya kwanza kabisa kwa ile fomu. Majibu yametoka.

Ameitwa Mang'u.


Kabaa_1925 aliandika:

Mwambie abebe sweta, asubuhi kuna baridi. Na karibu nyumbani.